Picha Nane za Vitu vya Khursheed

Badruddin Adamji alikuwa mpiga picha, nami nilikuwa jirani yake, mlango ukitazamana na mlango, katika kichochoro cha Mji wa Kale ambacho punda wawili wenye mizigo hawapishani. Nasema hivi mapema ili mtu asije akaniuliza nimeyajuaje mambo ya nyumba ya watu. Nimeyajua kwa sababu nilikuwa nikipanda ngazi zao kila siku, na kwa sababu sehemu moja ya habari hii ni kosa langu mwenyewe. Mimi ni Mwanatumu. Wengi huniita Mama Nyevu, kwa jina la binti yangu.

Yule bwana hakuwa na duka. Studio yake ilikuwa chumba cha juu cha nyumba aliyokaa, chenye dirisha kubwa alilolitundikia kitambaa cha marekani ili jua liingie kwa adabu. Kulikuwa na kiti cha mikono, pazia lililochorwa bustani ambayo Mombasa haipo, na kamera juu ya miguu yake mitatu. Wakati wa vita wateja walikuwa askari. Meli zilijaa Kilindini, na kila askari alitaka picha ya kumpelekea mamake kabla hajapelekwa asikokujua. Foleni yao ilifika mpaka mlangoni kwangu, wakanunua mahamri yangu, kwa hiyo silalamiki.

Badruddin alikuwa mtu wa maneno mawili. La kwanza ni "Tulia," alilomwambia mteja. La pili ni "Haya." Mimi sina subira na mwanamume asiyesema. Siku moja nilimwambia, "Bwana Badruddin, kwani maneno nayo siku hizi yanatolewa kwa kipimo, kama sukari?" Akafikiri, akasema, "Haya." Mkewe Amtulla alicheka mpaka akashika ukuta.

Huyo Amtulla ndiye aliyekuwa saa ya studio. Sitanii. Picha zilioshwa katika kijistoo cha chini ya ngazi, giza tupu, na kitaa chekundu kisichotosha kusomea saa. Badruddin aliishika filamu ncha mbili, akaipitisha ndani ya bakuli la dawa, juu, chini, juu, chini, mikono yote miwili imeshughulika. Basi Amtulla aliketi kando yake kwenye kigoda na tasbihi yake, akihesabu kwa sauti, Subhanallah, Subhanallah, bila haraka. Walikuwa wameshapima. Tasbihi moja kamili ilikuwa dakika mbili na nusu, na filamu ilitaka duru nne. Si zaidi ya nne, kwa sababu joto la Mombasa halina urafiki na filamu. Bakuli lilikalishwa ndani ya karai la barafu, na barafu haikai. Ikishayeyuka, dawa hupata moto, na ule utando wenye picha huvimba ukabanduka. Kwa hiyo ikitimia duru ya nne Amtulla husema "Basi," naye huitoa. Miaka minane walifanya kazi hivyo, mke na mume, wasiharibu kitu.

Mtoto wao alikuwa mmoja, Khursheed, msichana wa miaka sita, rika la Nyevu wangu. Asubuhi alikuja jikoni kwangu amempakata mwanasesere wake, akataka mahamri mawili, moja lake na moja la Bi Sukari. Bi Sukari ndiye mwanasesere mwenyewe. Kitambaa kilikuwa adimu, kwa hiyo Amtulla alimshona kwa mfuko mtupu wa sukari, na herufi za kiwanda bado zilisomeka mgongoni. Nywele zake nyuzi nyeusi, macho yake vifungo viwili visivyolingana. Alikuwa mbaya wa sura, masikini, na mtoto hakuweza kulala bila yeye.

Mwezi wa tatu mwaka wa 1944, Khursheed alipata homa Jumatatu. Alhamisi akazikwa.

Matanga yalipokwisha ndipo watu walipoanza kuuliza picha. Mtoto wa mpiga picha, jamani, haikosi atakuwa na sanduku zima. Hakuwa na hata moja. Alipokuwa mchanga alipigwa mbili, zote akatikisika, ikatoka kitu kama moshi uliovaa kofia. Kisha vita vikaja, filamu ikawa ya kuhesabiwa, na iliyopatikana ilikuwa ya askari. Kisha Badruddin akaweka moja kando kwa ajili ya bintiye, lakini meno ya mbele ya mtoto yakang'oka. Amtulla akasema, "Ngoja yaote kwanza. Nisimpelekee bibi yake kule ng'ambo, Jamnagar, picha ya mapengo." Wakangoja meno, na ile filamu ikaenda kwa askari mwingine.

Siku ya nne baada ya maziko, Badruddin alifungua studio. "Tulia," nikamsikia, sauti ile ile. "Haya." Wako waliosema ana moyo wa jiwe. Nilimwona akishuka ngazi na kusimama mlangoni, akitazama upande wa jikoni kwangu, halafu akarudi juu bila ya kukumbuka alichokuwa amekishukia. Amtulla naye hakulia. Alipika, alifua, alihesabu tasbihi ya picha za watu, lakini jina la mtoto hakulitamka tena. Nilipolitaja mimi alitazama ukuta, nami nikaacha kulitaja. Na mimi je? Nilikuwa nikikanda unga. Nilidhani nitalia siku moja, lakini kilio hakikuja, nikakanda unga.

Siku ya thelathini na kitu Amtulla aliniita. Alikuwa amevitandika vitu vya mtoto juu ya mkeka. Kulikuwa na pia ya mbao ya kuzungusha, farasi aliyekatika sikio, ndege wa bati wa kutiwa ufunguo, vyungu vitatu vya udongo vya kuchezea, kamba ya kuruka, kiboko wa mpira, kikapu cha kombe za baharini, na Bi Sukari.

"Siku ya arobaini nitawaita watoto wa mtaa waje kula," akasema. "Kila mmoja ataondoka na kitu. Kwetu ndivyo tunavyofanya. Watoto wakichezea, thawabu inamfika. Bi Sukari ni wa Nyevu."

Nikasema Mungu akujazi. Badruddin alikuwa amesimama mlangoni, na hapo akasema maneno mengi kuliko niliyowahi kumsikia.

"Ngoja nivipige picha kwanza. Sina picha yake. Vitu hivi vikitoka, nyumba hii haitakuwa na alama kwamba alipita."

Amtulla aliendelea kuvipanga.

Basi hiyo ndiyo haja yake, na filamu hakuwa nayo. Aliyempa ni Joab, karani wa bandarini, mtu wa bara, aliyepigwa picha pale mara mbili kuwapelekea wazee wake. Joab alikuja kutoa pole, akasikia habari, na baada ya siku tatu akarudi na mkanda mmoja wa filamu aliopewa na baharia. "Ni picha nane tu, Bwana Badruddin," akasema. "Nilitafuta zaidi, sikupata." Hakutaka kitu. Alikaa kidogo, akatazama miguu yake, akaaga.

Siku moja kabla ya arobaini tulipiga zile picha. Mimi nilishika shuka jeupe kando, ili mwanga wa dirisha uruke uangukie upande wenye kivuli. Badruddin alikitoa kile kiti cha mikono, akaweka kigoda. Kila kitu alikikalisha peke yake juu ya kigoda. Alipiga ile pia ya mbao, akapiga farasi, akapiga ndege wa bati. Kwa kila kimoja aliingia chini ya kile kitambaa cheusi cha kamera, akakaa humo muda mrefu, mpaka mikono yangu ikafa ganzi.

"Bwana Badruddin," nikamwambia, "hawa ndio wateja wako wa kwanza wasiotikisika. Unangoja nini?"

Akatoa kichwa. Hakucheka, wala mimi sikujua kwa nini nimesema vile. "Tulia," akaiambia ile pia ya mbao, kwa mazoea. Akafungua kamera, akahesabu, akafunga.

Bi Sukari alikuwa wa mwisho. Kichwa kilimlegea, akawa anaangukia mbele kila akikalishwa. Badruddin alimwinua mara nne. Mara ya tano alimwegemeza kwa mkono wake mwenyewe kwa nyuma, akaniagiza mimi nibonyeze. Nilibonyeza. Ilikuwa picha ya nane, ikawa mkanda umekwisha.

Siku ya arobaini watoto walikula wali, wakala na kitu kitamu, wakashuka ngazi kila mtoto na chake. Nyevu alimshika Bi Sukari kwa mikono miwili. Amtulla alimtengeneza nywele yule mwanasesere, akampiga kofi dogo la mgongoni kama mtu anayemuaga mtoto aendaye chuoni, akaingia ndani.

Sasa nifike kwenye kosa langu, maana mkinilaumu mtakuwa na haki. Alasiri ile ile Nyevu aliniambia kichwa kinamuuma. Alikuwa amelala kwenye mkeka, amemkumbatia yule mwanasesere, uso wake umepata joto. Loo! Nilivyoona vile damu yangu ilikwenda mbio. Nikasema nuhusi, ile bahati mbaya ya kifo, imeingia nyumbani kwangu kwa miguu yangu mwenyewe. Sikumwita mtu, sikufikiri. Nilimnyofoa Bi Sukari mikononi mwa mtoto aliyelala, nikamtia ndani ya jiko la mahamri, nikapepea. Nyevu alipoamka alikuwa mzima kabisa, anataka chai. Lilikuwa jua tu. Alikuwa ameshinda akiruka kamba kichwa wazi. Nilimwambia mwanasesere ametumbukia kisimani, na alilia mpaka akasinzia tena.

Niliona haya, lakini nilijipa moyo. Picha zipo, nikasema. Yule bwana ana picha zake nane, amepata alichokitaka, na kwangu hatakuja kuuliza.

Siku ya tatu baada ya arobaini barafu ilipatikana, wakaingia kijistooni kuosha. Nilikuwa nimeketi kwenye ngazi yao nikichambua mchele wa Amtulla, na kupitia ubao wa mlango nilimsikia akianza. Subhanallah, Subhanallah. Duru ya kwanza, ya pili. Nilikwisha kuzoea sauti ile, sikuitia maanani. Baadaye nikasikia neno limebadilika. Alikuwa anasema, Khursheed. Khursheed. Punje moja jina moja, bila haraka, sauti ile ile ya kuhesabia. Nikaacha mchele. Jina lile sikuwa nimelisikia kinywani mwake kwa siku arobaini na tatu. Duru moja, nyingine, nyingine tena. "Basi" haikusemwa. Nilijua kwamba filamu imepita wakati, hata mimi muuza mahamri nilijua, na nilijua kwamba Badruddin mwenyewe anajua zaidi. Nilisikia filamu bado ikipita ndani ya dawa, juu, chini.

Walitoka baada ya muda mrefu mno. Amtulla uso wake ulikuwa umelowa, macho mekundu, na alipita mbele yangu akaenda kulala. Alilala mpaka magharibi, yeye ambaye tangu msiba hakuwa akilala. Badruddin alibeba bakuli akalimwaga uani. Barafu ilikuwa imekuwa maji ya moto. Juu ya dawa kulielea vipande vyembamba vyeusi, kama utando wa maziwa yaliyochemshwa, na filamu mkononi mwake ilikuwa nyeupe, inaonyesha upande wa pili.

"Kwa nini hukumwambia basi?" nikamwuliza. Nilikuwa na hasira, sijui ya nani. "Kwa nini hukuitoa wewe mwenyewe?"

"Ningemwambia basi, angenyamaza," akasema. "Sikujua kama angesema tena."

"Na picha?"

"Haya," akasema, akaisuuza ile filamu tupu, akaitundika kwenye kamba ikauke.

Joab alitafuta akapata mkanda mwingine mwezi uliofuata, Mungu ambariki. Hapo ndipo Badruddin alipoanza kupita mlango kwa mlango. Kitu kilichotolewa sadaka hakidaiwi, alijua, na hakutaka kukidai. Aliomba kuazima kwa saa moja tu, apige picha, akirudishe. Nilimtazama kutoka jikoni kwangu akishuka kichochoro na kofia yake yenye nakshi za dhahabu, akabisha kwa huyu, akabisha kwa yule. Nyumba ya kwanza, ile pia ya mbao ilikuwa imepotea. Ya pili farasi alikuwa amepelekwa kwa shangazi Malindi. Vyungu vilikuwa vimevunjika, vyote vitatu, bahati iliyoje. Ndege wa bati alikuwa ameangukia baharini. Nilielewa kabla yeye hajaelewa. Mtaa mzima tulikuwa tumepokea kwa mkono wa kulia tukatupa kwa wa kushoto, kila mama kwa siri yake, kila mmoja akidhani ni yeye peke yake.

Nami nikawa wa mwisho. Alisimama kizingitini. Nilikuwa nimeshautayarisha uwongo wangu, kisima na kila kitu, lakini nilipomwona uso sikuweza.

"Mama Nyevu, nakuomba Bi Sukari. Saa moja tu."

"Nimemchoma," nikasema.

Angenikemea, angenitukana, ningejua la kufanya.

"Umemchoma," akasema.

"Nyevu alipata joto, nikaogopa. Siku ile ile. Nisamehe, Bwana Badruddin. Niliogopa tu."

Alitazama jiko langu, lilikuwa na makaa. "Aliungua haraka?" akauliza, kama mtu anayeuliza bei.

"Haraka," nikasema. "Alikuwa matambara."

Akaitikia kwa kichwa, akaikubali habari hiyo. Aligeuka aende, kisha akarudi hatua moja. "Umefanya vizuri kuniambia kweli. Wengine hawakuniambia. Lakini Amtulla asijue. Mimi nitasema nimemwona, Nyevu amelala naye, nikashindwa kumwondoa."

Nikasema ndiyo. Ningesema nini? Nililia siku hiyo, ndiyo, hatimaye nililia, na kilio chenyewe hakikuniondolea kitu. Jioni nilikanda unga wa kesho.

Idi ilipofika, Amtulla alivuka kichochoro na kifurushi. Ndani mlikuwa na gauni dogo, limeshonwa kwa mkono, lina mifuko miwili isiyotoshea hata kidole. "Nimesikia Nyevu hamwachi Bi Sukari," akasema. "Asikae na nguo moja." Nilimtazama kama ananitega. Hakuwa akinitega. Nikapokea.

Mwaka uliofuata alileta la pili, lenye kola. Vita vikaisha, kitambaa kikapatikana, la tatu likawa la hariri. Mwaka wa 1947 wakahamia Ganjoni, nyumba yenye hewa, na Badruddin akaacha kuosha picha nyumbani. Nikasema sasa Amtulla amepumzika, atasahau. Idi hiyo alikuja kwa rikisho, kigari cha kuvutwa na mtu, kutoka Ganjoni, na gauni mkononi. Kila mara nilingoja aseme anataka kumwona. Kila mara nilikuwa nimepanga maneno ya kusema, na kila mara hakusema.

Idi hii iliyopita ya 1949 alileta la sita. Nyevu yuko karibu na miaka kumi na miwili, anavaa buibui, na alikuwa ametoka. Nikaona basi, mwanamke mwenzangu huyu, namchezea mpaka lini? Nikafungua kinywa.

"Amtulla, Nyevu amekua," nikasema. "Hachezi tena. Huyo Bi Sukari..."

Akanishika mkono upesi. "Usimlete," akasema. "Najua yuko ndani. Tangu mwaka wa kwanza nataka kukuomba unionyeshe, na nikifika mlangoni nakataa mwenyewe. Nikimwona nitamchukua, Mama Nyevu, na mimi nilimtoa kwa ajili ya mwanangu. Niambie tu kama nguo zinamtosha."

Nje kulikuwa na muuza maji anapita.

"Zinamtosha," nikasema.

Akavuta pumzi, akakaa, akavua viatu vyake. Nikampa chai, nikamwuliza habari za Ganjoni, akasema ni njema.